Jaketi Linalochomekwa: Nguo za Umeme kwa Mwendesha Pikipiki wa Baridini

Nguo ya joto la umeme ni jaketi, kizibao, suruali, glavu au soksi iliyoshonewa ndani yake nyaya nyembamba, au vipande vya nyuzi za kaboni, vinavyopata moto umeme unapopita. Mwendesha pikipiki huivaa chini ya koti lake la kawaida, kisha huichomeka kwenye pikipiki au huibebea betri ndogo mfukoni. Kazi yake kubwa ni kuzuia vidole visife ganzi juu ya breki na klachi, na kuzuia akili isipungue kasi pasipo mwenyewe kujua.

Wanunuzi wengi huanzia dukani, wakalinganisha rangi, bei na majina ya kampuni. Makala haya yanaanzia kwenye pikipiki, kwa sababu jaketi bora kuliko yote ni mzigo mtupu likivaliwa kwenye chombo kisichoweza kulilisha umeme.

Baridi na mwendo

Mwili wa mtu aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi. Joto hilo hupasha tabaka jembamba la hewa lililoshikamana na ngozi, na tabaka hilo likitulia mtu huona afueni. Upepo hulipeperusha, mwili ukapasha jingine, nalo likapeperushwa. Mwaka 1941, wakiwa kambini Antaktika, Wamarekani Paul Siple na Charles Passel walipima jinsi kasi ya upepo inavyoharakisha maji kuganda ndani ya kopo dogo la plastiki. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1945, ndiyo chimbuko la vipimo vya baridi ya upepo vinavyotajwa hadi leo katika utabiri wa hali ya hewa. Fomula mpya zaidi, ambayo Kanada na Marekani zilianza kuitumia mwaka 2001, inaonyesha kwamba hewa ya nyuzijoto 5 ikimpiga mtu usoni kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa hupoza ngozi kama hewa tulivu ya nyuzi 3 chini ya sifuri. Hewa yenyewe ikiwa sifuri, ngozi huhisi nyuzi 11 chini ya sifuri.

Hesabu hiyo ni ya uso ulio wazi. Aliyevaa koti lisilopitisha upepo hapoi upesi kiasi hicho, lakini kwenye pikipiki upepo haukosi pa kuingilia: shingoni, kwenye kingo za mikono ya koti, kwenye meno ya zipu, kiunoni koti linapopanda mgongoni. Na mwendesha pikipiki, tofauti na mwendesha baiskeli au mtembea kwa miguu, hafanyi kazi ya kuupasha mwili. Ameketi tu. Nguo nene hupunguza kasi ya joto kupotea, ila haziongezi joto lolote. Ukikaa barabarani saa tatu na kila dakika unapoteza zaidi ya unachozalisha, unene wa koti umekucheleweshea tatizo bila kuliondoa.

Mwili unapoona hazina yake inapungua, huchagua cha kuokoa. Mishipa midogo ya damu ya mikononi na miguuni hujibana ili damu ya moto ibaki kifuani na tumboni, penye moyo, mapafu na ini. Vidole huachwa vijitetee. Joto la ngozi ya vidole likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wa kushika na kukunja huanza kupotea. Likikaribia nyuzi 8, hisia ya mguso hutoweka na mtu hajui tena amebana breki kwa nguvu kiasi gani. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, pikipiki hukata mita 28 kwa sekunde moja. Kidole kilichochelewa nusu sekunde kimeongeza mita 14 kabla breki haijaanza kushika. Joto la ndani ya mwili nalo likishuka kutoka nyuzi 37 za kawaida hadi chini ya 35, mtu ameingia katika hatari ya kitabibu, na dalili za mapema ndizo zilezile zinazoua barabarani: uzito wa kuamua, kukosea mambo madogo, kutojali. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoziweka nguo hizi kwenye fungu la anasa. Mimi naziweka pamoja na breki na tairi.

Zilikotoka

Joto la kuvaa lilianzia angani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa anga wa Marekani waliorusha ndege za B-17 na B-24 walikaa saa nyingi kwenye vyumba visivyo na joto, kimo cha zaidi ya mita 7,000, ambako hewa hufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Walivalishwa suti zenye nyaya za umeme zilizochomekwa kwenye mfumo wa umeme wa ndege. Suti za mwanzo ziliunganishwa kwa mfuatano, hivyo waya ukikatika mahali pamoja suti nzima hupoa. Zilizofuata ziligawanywa njia ili glavu moja ikifa nyingine iendelee kufanya kazi. Fundisho hilo bado lina maana kwa anayenunua leo: vazi zuri ni lile ambalo kila sehemu ina njia yake ya umeme.

Kwa nini basi waendesha pikipiki walisubiri miaka thelathini? Jibu liko kwenye injini. Pikipiki ya BMW R60/2, iliyotengenezwa hadi mwaka 1969, ilikuwa na umeme wa volti 6 na dinamo ya wati 60 tu. Taa ya mbele pekee ilikula sehemu kubwa ya hizo. Wajerumani waliokusanyika mwaka 1956 katika mkutano wa kwanza wa majira ya baridi uitwao Elefantentreffen, ulioanzishwa na mwandishi wa habari za pikipiki Ernst Leverkus kwa wenye pikipiki za Zündapp KS 601, walitegemea ngozi, sufu na ustahimilivu. Mkutano huo bado hufanyika kila mwaka, siku hizi kwenye misitu ya Bavaria. Harley-Davidson ilihamia volti 12 mwaka 1965. BMW ilifuata na R75/5 yenye wati 180, kisha R60/6 na ndugu zake zenye wati 280. Ni katika muongo huohuo, miaka ya 1970, ambapo Gordon Gerbing, mwenye karakana ya vyuma katika jimbo la Washington huko Marekani, alianza kutengeneza nguo za umeme za pikipiki. Kabla ya hapo hapakuwa na umeme wa kuzilisha.

Wati kwanza

Kila vazi lina kiwango chake cha wati, na msomaji akitaka kukumbuka tarakimu chache basi akumbuke hizi. Jaketi la ndani lenye joto kifuani, mgongoni, mikononi na shingoni hutumia wati 65 hadi 90. Mengi yako karibu na 77. Kizibao hutumia 45 hadi 55. Suruali ya ndani ni 44 hivi. Jozi ya glavu ni kati ya 22 na 27, na jozi ya soksi au soli za viatu ni karibu kiasi hicho hicho. Aliyevaa kila kitu ana wati 170 mwilini. Mikono ya usukani yenye joto, inayofungwa kiwandani kwenye pikipiki nyingi za masafa marefu, huongeza 30 hadi 40.

Upande wa pili ni altaneta, nao ndio wenye kauli ya mwisho. Kawasaki KLR650 ya miaka mingi iliyopita hutoa wati 200 hivi. BMW R1200GS ya mwaka 2008 ilitoa 720, na iliyoirithi mwaka 2013 ikashuka hadi 510. Kiwango kinachoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki ni cha injini inayozunguka kwa kasi, mara nyingi mizunguko 5,000 kwa dakika. Ukisimama kwenye taa za barabarani injini ikinguruma taratibu, unaweza kupata theluthi moja au nusu yake tu.

Kabla ya kuhesabu nguo, ondoa kinachotumiwa na pikipiki yenyewe. Taa ya mbele ya kawaida ni wati 55 au 60. Taa ya nyuma, dashibodi na viashiria ni 10 hadi 20. Pampu ya mafuta, sindano za mafuta, kompyuta ya injini na moto wa plagi hufika 100 au zaidi kwenye pikipiki za kisasa. Kwenye zile za kabureta ni chache mno. Feni ya rejeta ikiwaka huongeza. Tuchukue KLR650 ya kabureta: toa taa, toa moto wa plagi, toa kiasi kidogo cha kuchaji betri, na utabaki na wati 80 au 100. Hizo zinatosha jaketi moja, au kizibao na glavu. Hazitoshi jaketi na glavu na mikono ya usukani kwa pamoja, na hazitoshi abiria kabisa. R1200GS ya mwaka 2008 inaweza kuwapasha watu wawili kuanzia shingoni hadi nyayoni.

Zipo njia za kujiongezea nafasi. Kubadili balbu ya mbele kuwa ya LED kunaweza kurudisha wati 25 au 30, ambazo ni sawa na jozi ya glavu. Taa za ziada zisizohitajika mchana huzimwa. Kwa baadhi ya pikipiki kuna altaneta kubwa zaidi za kubadilishia, ingawa hiyo ni kazi ya fundi anayeijua injini hiyo.

Watu huuliza pia kama nguo hizi zinachosha altaneta. Kwenye pikipiki nyingi ndogo na za kati, altaneta ina sumaku za kudumu na hutengeneza umeme wake wote muda wote injini inapozunguka. Kazi ya kirekebisha volti, kile ambacho mafundi wengi hukiita rektifaya, ni kuichukua ziada na kuigeuza joto. Ndiyo maana huwa cha moto sana na huwekwa mahali pa kupata upepo. Jaketi lako hutumia umeme ambao ungepotea. Kwenye pikipiki zenye altaneta ya mtindo wa gari, ambayo nguvu ya sumaku yake hupandishwa na kushushwa kulingana na mahitaji, matumizi yakiongezeka uzalishaji huongezeka, na mafuta yanayoongezeka kwa ajili hiyo ni kidogo mno kuyaona kwenye tangi. Aina zote mbili zina kikomo. Ukikivuka, betri huanza kulipa deni.

Kulipa huko kunaonekana kwenye volti. Injini ikizunguka vizuri, mita iliyofungwa kwenye betri husoma kati ya 13.8 na 14.4. Ikishuka chini ya 13 na kubaki huko hata ukiwa kwenye mwendo, umevuka kikomo. Betri ya ampea-saa 12 ikichangia ampea-saa 4 kila saa itakuwa imekwisha baada ya saa tatu kwa nadharia, lakini injini itakataa kuwaka mapema zaidi ya hapo, kwa kuwa stata huhitaji mkondo mkubwa na baridi hupunguza uwezo wa betri ya asidi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri hiyo hubakiwa na nusu hivi ya uwezo wake. Mita ndogo ya volti kwenye usukani ni kifaa cha bei ndogo kuliko jozi ya soksi za umeme, nami ningeifunga kabla ya kununua vazi la kwanza.

Jambo moja zaidi kuhusu volti. Wati za vazi huongezeka kwa mraba wa volti, kwa hiyo vazi lililopimwa kwenye volti 12 litatoa asilimia 40 zaidi kwenye volti 14.2. Wazalishaji hawapimi kwa volti ileile, hivyo majaketi mawili yenye tarakimu tofauti yanaweza kuwa na joto moja. Ulizia volti iliyotumika kupimia kabla hujalinganisha.

Njia ya umeme

Mpango ulio salama zaidi ni rahisi: waya mbili kutoka betri, fyuzi karibu kabisa na ncha chanya, na plagi inayotokea karibu na kiti upande wa paja. Fyuzi hukaa karibu na betri kwa sababu inaulinda waya. Waya ukichunika chini ya kiti na kugusa chuma kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna kitakachozuia shoti isiwashe moto. Jaketi na glavu kwa pamoja huvuta ampea 8 hivi na fyuzi ya 10 inatosha. Mavazi kamili ya wati 170 yanahitaji ampea 13, hivyo fyuzi ni ya 15 na waya uwe mnene wa kulingana nayo. Waya mwembamba hula volti njiani na kumfanya mtu alaumu jaketi.

Soketi ya kiwandani inavutia kwa kuwa ipo tayari, lakini isome kwanza. Kwenye pikipiki nyingi za BMW zenye mfumo wa CAN, kompyuta hukata umeme wa soketi mkondo unapofika ampea 5 au 10 kulingana na toleo. Ampea 5 ni wati 65 hivi: kizibao kitawaka, jaketi kamili litazima baada ya sekunde chache. Suluhisho ni waya wa moja kwa moja kutoka betri. Asiyetaka hatari ya kusahau vazi likiwaka hupitisha umeme kwenye relei inayofunguka swichi ya injini inapowashwa.

Plagi za nguo zenyewe nyingi ni za duara, zenye kipenyo cha nje cha milimita 5.5 na tundu la 2.5, na kampuni kadhaa hutumia kipimo hicho, jambo linalokuruhusu kuchanganya jaketi la mmoja na glavu za mwingine. Plagi hiyo iwe rahisi kuchomoka. Siku utakaposahau na kushuka ukiwa umefungwa kwenye pikipiki, au utakapoanguka, inapaswa kuachia yenyewe bila kukuvuta.

Katikati ya betri na vazi hukaa kidhibiti cha joto. Bila kidhibiti una kuwaka na kuzima tu, na baada ya nusu saa utakuwa unachagua kati ya kuungua na kutetemeka. Kidhibiti kizuri hakipunguzi volti; hukata na kurudisha umeme mara nyingi, na uwiano wa muda wa kuwaka na kuzima ndio unaoamua joto. Ukikiweka nusu, matumizi yako ya wastani ni nusu. Hivyo kidhibiti ni kifaa cha kubana matumizi pia, na mwenye altaneta ndogo anayeendesha jaketi la wati 77 kwa asilimia 50 anatumia chini ya 40. Nunua chenye njia mbili: moja ya jaketi na suruali, nyingine ya glavu. Mikono hukaa mbele ya upepo na kifua hujificha nyuma ya kioo, kwa hiyo haviwezi kuridhika na kiwango kimoja. Kitufe kiwe kikubwa cha kukizungusha ukiwa na glavu, na kiwe mahali unapokifikia bila kutoa macho barabarani.

Kuchagua vazi

Mwenye fedha ya vazi moja anunue jaketi. Watu hulilia vidole kwanza, na ni haki yao, lakini vidole vimepoa kwa sababu kiwiliwili kimezuia damu. Kifua na shingo vikipata moto, mishipa ya mikono hufunguka na glavu za kawaida zinaweza kutosha hadi karibu na nyuzi 5. Glavu za umeme ni ununuzi wa pili, na mikono mingi ya jaketi ina plagi za kuzilisha. Soksi huja mwisho isipokuwa kwa mwenye pikipiki isiyo na kinga yoyote ya miguu.

Jaketi kamili au kizibao? Kizibao hutumia umeme kidogo na kinavaliwa kirahisi, lakini mikono hubaki baridi, na damu inayokwenda viganjani hupoa njiani. Kwa altaneta ya wati 200 kizibao ni chaguo la busara. Kwa pikipiki kubwa sioni sababu ya kukinunua.

Vazi likae karibu na mwili. Hapa wengi hukosea kipimo, wakanunua kubwa ili wavae sweta chini yake. Hewa na kitambaa kinene kati ya waya na ngozi huzuia joto lilelile ulilolilipia. Mpangilio unaofaa ni fulana nyembamba ya mikono mirefu, ya sufu ya merino au kitambaa kinachokausha jasho, kisha jaketi la umeme lililobana kiasi, kisha tabaka la kuhifadhi joto ikihitajika, na nje koti la pikipiki lisilopitisha upepo. Pamba haifai kwa fulana ya ndani kwa kuwa hulowa jasho na kubaki imelowa. Jaribu jaketi ukiwa umekaa kwenye pikipiki, mikono usukanini, maana likitosha ukiwa umesimama linaweza kupanda na kuacha kiuno wazi. Kola yenye joto ni lazima kwa maoni yangu. Mishipa mikubwa ya damu hupita shingoni karibu na ngozi, na joto kidogo hapo husikika mwili mzima.

Nyaya za zamani zilikuwa nene na zilikatika penye mikunjo. Leo nyingi ni nyuzi ndogo mno za chuma kisichoshika kutu zilizosokotwa pamoja na kufunikwa utando usiopitisha maji, na hizo huvumilia kukunjwa mara maelfu. Vipande vya kaboni hueneza joto sawasawa na ni vyepesi, ila vipande vichache vikubwa huacha maeneo ya mwili bila chochote. Mwombe muuzaji aliwashe jaketi, kisha lipapase lote kwa kiganja.

Kwa glavu, uliza waya unapita wapi. Mikono ya usukani yenye joto hupasha viganja, huku upepo ukipiga mgongo wa mkono na kucha. Glavu nzuri hupitisha waya mgongoni mwa mkono na kuzunguka kila kidole mpaka ncha. Glavu hiyo bado ni kinga ya ajali, kwa hiyo ukiwa Ulaya tafuta alama ya kiwango cha EN 13594, na koti la nje liwe na EN 17092. Jaketi la umeme la ndani halilindi mwili kwenye lami na halikutengenezwa kuvaliwa peke yake. Kabla ya kununua glavu nene zaidi, fikiria pia ngao za mikono au mifuko mikubwa inayofungwa kwenye usukani. Hazihitaji wati hata moja, na glavu za umeme zikiwa nyuma yake hufanya kazi kwa nusu ya nguvu.

Betri ya mfukoni

Nguo zenye betri yake zinauzwa sana, nazo zinafaa kwa safari fupi za mjini na kwa mtu anayehama kutoka pikipiki moja hadi nyingine. Hesabu yake haifichiki. Betri ya glavu ya volti 7.4 na miliampea-saa 2,200 ina wati-saa 16. Glavu ikitumia wati 8 kwa kiwango cha juu, ni saa mbili, na pungufu kwenye baridi kali. Kizibao cha volti 5 kinachotumia benki ya umeme ya miliampea-saa 10,000 kina wati-saa 37. Kikivuta wati 10 kinadumu saa tatu na kitu. Linganisha wati 10 hizo na 77 za jaketi la kuchomekwa. Kwenye kiti cha ofisi wati 10 ni nyingi. Mbele ya upepo wa kilomita 100 kwa saa husaidia kidogo tu. Anayesafiri siku nzima achomeke.

Ngozi na uangalizi

Joto dogo la muda mrefu huunguza. Utafiti wa Moritz na Henriques wa mwaka 1947 ulionyesha kwamba ngozi iliyogusana na kitu cha nyuzijoto 44 huungua ikikaa saa sita, na kadiri joto linavyopanda muda hupungua upesi sana. Usivae vazi la umeme juu ya ngozi tupu, na usianze kwa kiwango cha juu ukiwa umeshakufa ganzi, kwa kuwa ngozi isiyohisi haitakuonya. Wenye kisukari kilichoharibu neva za miguu wawe waangalifu kuliko wote, hasa kwa soksi. Anayeona mtandao wa alama nyekundu au za kahawia zikifuata njia ya waya apunguze joto na amwone daktari. Na ukitokwa jasho, umeweka joto jingi mno. Jasho hilo litakupoza mara utakapozima.

Jaketi huoshwa kwa mkono, halikamuliwi, na hutundikwa badala ya kukunjwa. Kabla msimu haujaanza, lipime kwa mita ya fundi. Jaketi la wati 77 husoma ohm 2 na kidogo kati ya ncha mbili za plagi, na glavu moja ya jozi ya wati 27 husoma 12 hivi. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Tikisa plagi na shingo ya waya ukipima, maana mivunjiko mingi hutokea hapo, na hapo ni rahisi kutengeneza.

Nyanda za juu zetu

Baridi ya pikipiki haiko Ulaya na Marekani pekee. Makete na Njombe hupata jalidi Juni na Julai, Kinangop na Nyahururu ziko juu ya mita 2,300, na Kabale na Musanze zina asubuhi za nyuzi 10 au chini. Mwendesha bodaboda anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri hewa ikiwa nyuzi 8, akienda kilomita 60 kwa saa, uso wake huhisi nyuzi 2. Anafanya hivyo kila siku, kwa saa nyingi kuliko mtalii yeyote wa Bavaria.

Pikipiki yake lakini ni ya cc 100 hadi 150, yenye altaneta ya wati 100 hivi au chini ya hapo. Taa ya wati 35 huchukua fungu lake, na kwenye nyingi taa hulishwa moja kwa moja na koili ya sumaku, ikibaki sehemu ndogo tu inayofika kwenye betri. Jaketi la wati 77 halina nafasi hapo. Kulifunga ni kuua betri ndani ya wiki, na mwenye pikipiki atalipia betri kwa mapato ya siku kadhaa.

Ndiyo maana ninaiheshimu mbinu ambayo madereva wetu waliigundua bila mhandisi: koti huvaliwa kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni na kitambaa kizima kikiwa kifuani, hivyo upepo haupati mlango. Wakiongeza mifuko minene ya usukani inayouzwa masokoni, wameshafunga njia mbili kubwa za baridi bila kugusa betri. Anayetaka kuongeza joto juu ya hapo ana njia moja inayokubalika kwenye chombo hicho, nayo ni kizibao cha volti 5 chini ya koti, benki ya umeme ikiwa imechajiwa nyumbani usiku na kuwekwa mfuko wa ndani karibu na mwili ili baridi isiipunguzie chaji. Wati 10 zilizokuwa chache kwenye barabara kuu ya kilomita 100 kwa saa hutosha zaidi kwa mwendo wa 50, koti likiwa limefungwa vizuri. Akiwashe dakika kumi za mwanzo kwa kiwango cha juu, kisha akishushe hadi cha kati, na chaji itamfikisha saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshapanda.